Wiski Katika Kibuyu cha Qabale

Wale ambao gazeti la juma lililopita liliwafikia likiwa limeshafungiwa nyama, nawapa picha kwa ufupi ili tusonge.

Mimi ni Reuben, mstaafu, Mpokomo wa Kinakomba. Nimemimina vinywaji kwenye baa ya hoteli moja ya Malindi mpaka nywele zikaniaga. Shule yangu ilikuwa kaunta. Hapo ndipo nilipojifunza kunusa wiski ya Uskochi, ile ya shayiri tupu isiyochanganywa, nikaweza kusema imepikwa pande zipi na imelala kwenye pipa la namna gani. Kuna Mzungu anayeongoza chama cha waonjaji, mimi humwita Bwana Pua. Hunipa chupa zisizo na lebo, nami humrudishia maneno. Maneno hayo huyachapisha kwao, na wanywaji wa huko husoma wakaamua.

Safari hii alinikabidhi chupa ya kiwanda kilichokwisha fungwa, cha kwenye kisiwa ambako shayiri hukaushwa kwa moshi wa udongo mweusi wa kinamasi. Niende nayo kwangu, niionje taratibu, nimpelekee maoni pamoja na kilichobaki. Hilo la kilichobaki alilirudia hadi mlangoni.

Mafuriko ya El Nino yakatukuta karibu na Garsen. Lori likalala ubavu. Mfugaji wa Kiorma aitwaye Liban akanitoa majini kwa ukosi wa shati kama ndama, akanifikisha kwenye kilima walikokimbilia watu wake na ng'ombe wao. Pande zote maji, na ndani ya maji mamba, wenye meno.

Liban akaona bilauri yangu ya kunusia, ile yenye tumbo na shingo, akauliza ni ya kazi gani. Nyumba ya Waislamu, wameniokoa, wamenivika shuka lao. Niseme ni ya pombe? Nikasema mimi ni mwonja maziwa wa serikali.

Nao wakaniamini, maana redio ilikuwa inataja magonjwa ya mifugo kila saa.

Sasa chupa ilikuwa imepasuka kitako, inavuja. Kando ya kibanda nikaona kibuyu kitupu kimelazwa juani. Nikamimina kilichosalia humo, nikijiambia ni kwa kitambo tu, nitafute chupa nyingine. Nikaegemea gogo. Usingizi wa mtu aliyenusurika ukanibeba. Nilipozinduka, kibuyu hakipo.

Hapo ndipo mliponiacha. Asanteni kwa salamu mlizoniletea. Hazikunisaidia.

Nilimkuta Qabale, mke wa Liban, amechuchumaa mbele ya vibuyu vyake. Vyote rangi moja. Vyote vifuniko vya kusuka vinavyofanana, vimepangwa kama watoto wa shule kwenye gwaride.

"Mama," nikasema, "kuna kibuyu kilikuwa kimelala juani."

"Zote zililala juani, mzee. Nilifukiza moshi, nikalaza. Sasa nimetia maziwa."

"Vyote?"

"Kibuyu ni ya kutia nini tena? Soda?"

Nikacheka. Ule ulikuwa mcheko wa kubahatisha, kama injini iliyoingia maji.

Nilitaka kumuuliza kama alisikia kitu kikicheza ndani ya kimojawapo. Nikaliogopa jibu. Badala yake nikauliza maziwa yote hayo ni ya nani.

"Ya dua," akasema. "Liban amekwenda na mtumbwi Garsen kuleta Mwalimu Suleiman. Atasoma dua maji yarudi kwa mto. Tukimaliza, kila mtu atakunywa. Na wewe pia."

Mwalimu Suleiman. Nilimjua kwa sifa. Alifundisha madrasa Garsen, na watu walisema hata njia inayopita mbele ya baa alikuwa haishiki, anazunguka nyuma ya soko. Mtu huyo ndiye niliyekuwa namtilia haramu kooni, kwa mkono wa mama asiyejua lolote. Na nyuma yake watu wote wa kile kilima, walionifunika shuka nilipokuwa natetemeka.



Mtasema: Reuben, si useme tu ukweli. Nyinyi mko kwenye viti. Mimi nilikuwa kwenye kilima kisicho na njia ya kutokea, na mkuki wa Liban, ambao hakuuchukua mtumbwini, umesimamishwa mlangoni ukinitazama.

Nikawaza haraka. Uongo ulioniingiza mle ndio utakaonitoa. Mimi si mwonja wa serikali? Basi nionje. Nitakitafuta kibuyu changu kwa pua, nitakikataa, kitamwagwa. Hakuna atakayejua. Pua hii imewahi kumtambua mpishi aliyevuta sigara akiwa jikoni nami niko ghorofani. Kibuyu cha wiski kingeikwepaje?

"Kabla ya dua," nikatangaza, "lazima serikali ionje."

Mama mkwe wa Qabale, bibi kizee aitwaye Darmi, alikuwa ameketi kivulini akisokota kamba. Akanitazama kuanzia miguuni.

"Serikali imekuja bila viatu?"

"Viatu vimekwenda na maji, dada yangu."

"Na akili je?"

Jirani yao Abdia akasogea na kibuyu chake kwapani. Kilima kizima kilikuwa na vibanda vichache tu, hivyo habari haikuhitaji miguu. "Mpokomo na maziwa, wapi na wapi?" akasema. "Mpokomo anajua ndizi na mamba. Leo amekuwa daktari ya ng'ombe?"

"Mwache afanye kazi yake," Qabale akasema. "Mgeni ni wa nyumba yangu."

Alinitetea. Kumbukeni hilo, maana mimi nalikumbuka kila nikilala.

Nikatoa bilauri, nikaifuta kwa shuka. Nikamiminiwa maziwa kutoka kibuyu cha kwanza. Nikayazungusha kama ninavyozungusha wiski, nikaingiza pua.

Moshi.

Moshi mtamu, mzito, wenye chumvi kidogo kwa mbali. Moyo ukaruka. Ndicho hiki, nikajiambia, nimekipata mara moja. Lakini kwa usalama nikaomba cha pili.

Moshi.

Cha tatu, moshi. Kile cha Abdia, moshi.

Ndugu wasomaji, sikujua. Kwetu Kinakomba tunalima, maziwa tunakunywa kwa kikombe cha bati. Sikujua kwamba mama wa Kiorma huingiza kijinga cha moto cha mti wenye harufu nzuri ndani ya kibuyu, akakitikisa mpaka ndani pawe peusi, ndipo amwage maziwa. Kila kibuyu pale kilinukia kile kisiwa cha Uskochi. Kama Bwana Pua angekuwepo, angelia kwa furaha.

Mimi nilikuwa karibu kulia kwa jambo jingine.

"Mbona unanusa mpaka kidevu kinaingia?" Abdia akauliza. "Serikali haina mdomo?"

Pua ikishindwa, ulimi. Nikapiga funda, nikalizungusha mashavuni, nikalisikiliza. Halafu, kwa mazoea ya kazi, nikalitema pembeni.

Kila mtu akageuka. Hata ndama nadhani waliacha kulia.

Mwonjaji wa wiski hutema, la sivyo ifikapo chupa ya nne anaanza kuzungumza na viti. Hutema bila kufikiri, kama wewe unavyopiga chafya. Lakini nilikuwa nimetema maziwa mbele ya watu ambao maziwa ndiyo uhai wao, watu ambao mafuriko yalikuwa yamekwisha wachukulia nusu ya ng'ombe.

Darmi akaiweka kamba chini. "Amebariki," akauliza, "au ametukana?"

Nikaona mlango mdogo umeachwa wazi, nikajipenyeza. "Nimebariki, dada yangu. Serikali ikionja, inabariki."

"Mm," akasema Darmi. Wazee wao nao hubariki kwa mate, kwa hiyo hakuweza kunikanusha moja kwa moja. Lakini hakuichukua tena kamba yake.

"Kama ni baraka," Abdia akasema, "ibariki ng'ombe yangu ile. Imelala toka jana, haisimami."

Sikuwa na namna. Nikapelekwa kwa ng'ombe mwekundu aliyekuwa amejilaza kwenye tope, macho yamefifia. Nikachukua funda, nikamtemea kwenye paji la uso.

Yule ng'ombe akasimama.

Msinicheke. Hata mimi nilitaka kukimbia. Labda alishtuka, labda alikuwa amechoka kulala. Alisimama akajikung'uta, akaanza kutafuta majani, na watu wote wakanigeukia kwa macho mengine. Abdia akajifunika mdomo kwa ushungi. Kutoka hapo hakuniita Mpokomo tena, aliniita mzee wangu.

Mngedhani nilifurahi. Nawaambia, hofu iliongezeka. Mtu anayedhaniwa mjinga akikosea hucheka na wenzake. Mtu anayesimamisha ng'ombe akikosea hatasamehewa.

Nikarudi kwenye vibuyu. Jua lilikuwa limepanda, na Qabale alikuwa akiangalia upande wa Garsen kila mara, kuona kama mtumbwi unakuja.

"Maliza, mzee," akaniambia. "Mwalimu hapendi kungoja."

Nikaonja. Nikasema maneno, kwa sababu mwonja bila maneno ni mwizi wa kinywaji. "Haya yanaanza kwa utamu, katikati yana majani mabichi, mwishoni yanakaa kooni kama mgeni asiyeaga." Kina mama wakaangua kicheko.

"Ya kwangu inasema nini?" Abdia akauliza.

"Ya kwako ina hasira kidogo mwanzoni, halafu inatulia."

"Huyo ni mume wangu," akasema, na Qabale akacheka mpaka akashika tumbo.

Wenzangu, nilikuwa natoa mizaha huku jasho linanitiririka mgongoni hadi kwenye kiuno cha shuka. Ulimi haukuwa unaniambia kitu. Kila funda lilikuwa na moto kidogo. Kila moto niliuona wiski. Nilianza kushuku hata yale niliyokwisha yapitisha.

Ndipo kikaja kibuyu kilichokuwa pembeni kabisa. Nikanusa. Moshi mkali kuliko mwingine. Nikaonja. Kikaniuma ncha ya ulimi, kikashuka na joto mpaka kifuani. Nywele za mikono zikasimama.

Ndicho. Nikashusha pumzi kama mtu aliyeuona ukingo.

"Hiki," nikasema kwa sauti ya ofisi, "hakifai. Kimwagwe mbali, na kibuyu chenyewe kioshwe kwa majivu."

Kicheko kikakatika.

Qabale alikuwa bado anatabasamu. Tabasamu lilibaki usoni kwa muda kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. "Umesema nini?"

"Kimeharibika, mama. Si kosa lako. Ni joto."

"Hiki?"

"Hicho."

Abdia akatazama chini, lakini si kabla sijaona pembe ya mdomo wake. Jirani mwingine akaguna. Nikahisi nimekanyaga kitu, wala sikujua ni nini.

Darmi ndiye aliyenijulisha. "Mgeni," akasema polepole, "mwanamke wetu akiolewa, anakuja na vibuyu. Watu hawaulizii sura yake, wanaulizia moshi wake. Hicho alitengenezewa na mama yake, Mungu amrehemu. Tangu aingie kwangu, maziwa yake hayajawahi kurudi."

"Leo yamerudi," akasema yule jirani, taratibu, ila kila mtu alisikia.

Qabale akasimama. Alikuwa mama mpole, hata sauti hakuwa anaipandisha kwa ng'ombe. Akakichukua kibuyu, akakivua kifuniko. 

"Mama alinifundisha kuchagua kuni," akasema. "Alinifundisha kufukiza. Sasa serikali inasema maziwa yangu ni takataka, mbele ya Abdia, mbele ya mama mkwe. Sawa. Mimi nitakunywa yote. Kama ni mbaya, nitaanguka hapa, mtaona. Kama si mbaya, huyu mzee atamwambia kila mtu kwamba ni mwongo."

Akakiinua.

"Mama, kiweke chini," nikasema.

"Kwa nini?"

"Kiweke chini tu."

Kibuyu kikafika midomoni. Niliona koo lake likijiandaa. Nikaona pia mambo yote yatakayofuata: huyu mama atameza, atajua, na maisha yake yote atakuwa amemeza haramu kwa ajili ya uongo wangu.

"Kina pombe," nikasema.

Hakunywa. Hakukishusha pia. Kibuyu kilibaki hewani, maziwa yakimgusa mdomo wa chini.

Nikasema yote. Baa, Bwana Pua, chupa iliyopasuka, gogo, usingizi. Nikasema serikali haijui kama nipo duniani. Niliongea nikiangalia ardhi, maana kila nilipoinua macho niliuona ule mkuki.

 

Qabale akajifuta mdomo kwa ushungi, mara nyingi, kama anayefuta wino. Akakiweka kibuyu chini kwa uangalifu. Darmi akajivuta hadi pale, akamimina tone kiganjani, akalinusa, akalinusa tena.

"Haya ni maziwa," akasema.

"Yamechanganyika, dada yangu. Harufu ya moshi inaficha."

"Nimefukiza vibuyu tangu baba yako anachimba viazi. Haya ni maziwa tu. Yamechacha kidogo, ndiyo inauma ulimi. Ni ya jana."

Sikuelewa. Pua yangu. Ulimi wangu unaosomwa Uskochi.

Qabale alikuwa ananitazama kwa namna mpya, macho yamekuwa madogo. "Ile yako," akauliza, "ulikuta imelala upande gani wa nyumba?"

"Ule." Nikaonyesha. "Upande wa zizi."

"Una hakika?"

"Kulikuwa na gogo. Ndipo nilipolala."

Akaketi. Hakuchagua pa kuketi, aliketi tu, pale pale kwenye tope.

"Hizi zote nililaza upande wa mlango," akasema. "Upande wa zizi nililaza moja peke yake. Nilipoiinua ilikuwa na kitu ndani. Nikanusa, moshi nzuri sana. Nilifikiri mama mkwe ametia maziwa ya kugandisha. Nikajaza juu yake."

"Kiko wapi?" nikauliza, ingawa mwili wangu ulikuwa umekwisha jua.

"Nilichagua hiyo kwa sababu ya moshi. Nilimpa Liban. Ampokee mwalimu nayo njiani, asifike na njaa."

Nilikuwa nimejivua nguo mbele ya watu kwa ajili ya kibuyu cha mtindi.

"Labda hajanywa," Abdia akasema. Alisema kwa wema, na wema huo uliniuma kuliko mizaha yake yote.

"Mgeni hakatai maziwa," Darmi akajibu.

Ndipo tukaona mtumbwi.

Ulikuwa unakuja kutoka upande wa Garsen, juu ya maji yaliyofunika barabara, ukiyumba kati ya vichwa vya miti. Nikatafuta mabega ya Liban, maana ndiye mwenye kafi. Sikuyaona. Aliyepiga kafi alikuwa amevaa kanzu, mikono ya kanzu imekunjwa hadi kwenye viwiko, na kanzu yenyewe imelowa mpaka kifuani.

"Huyo ni mwalimu," Qabale akasema. "Liban yuko wapi?"

Mtumbwi ukasogea. Tukaiona miguu. Miguu ya Liban, imelala juu ya ukingo, vidole vimeelekea mbinguni, haisogei.

Qabale hakulia. Aliweka mkono kifuani tu, akaushikilia hapo.

Mwalimu Suleiman hakuuleta mtumbwi hadi nchi kavu. Alisimamisha kafi mbali kidogo, akainama, akachukua kitu kati ya magoti yake. Kibuyu. Hakikuwa na kifuniko. Akakiinua tukione wote, na sauti yake ilipokuja ilikuwa ya chini, ya mtu anayejizuia.

"Kibuyu hiki ni cha nyumba ya nani?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua.

"Ni changu, mwalimu," akasema Qabale.

"Wewe ndiye uliyejaza?"

"Ni mimi."

"Basi njoo hapa. Peke yako."

Darmi akanigeukia. Qabale alikuwa amekwisha inua pindo la nguo. Akaingia kwenye yale maji yenye meno, yakamfika vifundoni, yakamfika magotini, naye anakwenda tu. Na mimi nilikuwa bado nimesimama pakavu.